Salamu za Castory

Kongo, ng'ambo ya ziwa
9 Februari 2025

Dada Ruthu,

Shikamoo. Mpe na mama mdogo Violeth, mke wa baba, shikamoo yake, mwambie imetoka mbali na imevuka mipaka bila pasipoti. Sisi ni wazima, mimi kuliko baba, kwa sababu mimi nakula kila ninachopewa na baba anauliza kwanza ni nini.

Najua unashangaa kuona mwandiko wangu. Hata mimi nashangaa. Mimi Yotham, niliyeikimbia shule kidato cha pili kwa sababu ya kulazimishwa kuandika, leo naandika kwa hiari yangu! Simu zetu zilibaki kwenye kizuizi, kwa jamaa mwenye bunduki aliyezipenda kuliko tulivyozipenda sisi, na minara ya mtandao imezimwa. Barua atakuletea Wambura, yule dereva Mkurya wa lori la sabuni. Yeye bado ana karatasi za kuvuka. Ukitaka kujibu mpe yeye, na umpe na chai, maana bila chai husahau njia.

Sasa habari yenyewe. Tulifika na lori la mafuta ya alizeti tukashusha nusu. Nusu nyingine ilishushwa na watu ambao hatukuwaomba msaada. Vita imeingia mjini, dada. Mimi nilidhani vita ni mlio. Kumbe ni magodoro. Unaona magodoro yanatembea barabarani, mengi, ukichungulia chini ya kila godoro unakuta miguu. Baba alisimama akatazama yale magodoro, akakohoa kile kikohozi chake cha mzee wa kanisa, akasema, "Gari tupu na watu wanatembea. Haiwezekani." Akashusha ubao wa nyuma. Toka siku hiyo hatubebi mafuta. Tunabeba vikongwe, masufuria, mbuzi, na padri mmoja mnene ambaye nilimsukuma mwenyewe kwa bega. Tunawapeleka kambini, tunarudi, tunabeba wengine.

Usiwe na hofu. Nimeona ziwa kubwa kuliko Dodoma yote, nimeona mlima unaotoa moshi kama jiko la mama lishe, nimekula samaki wadogo kama sindano. Nimesafiri kuliko mbunge, na sijalipwa posho. Kiswahili cha huku nimekimaliza kwa wiki moja. Huku mimi naitwa leki, yaani mdogo wao, na baba anaitwa Papa Zablo. Alikasirika siku ya kwanza. Siku hizi anaitika.

Baba anasema nikuandikie hivi, na amesimama hapa kuhakikisha: mizabibu mvune mwezi wa tatu, muiache ipumzike, mwishoni mwa mwezi wa nne ndipo muipogoe, si kabla wala si baada, na Castory, yule mtani wetu Mhehe, asiguse mkasi.

Mdogo wako asiye na mpinzani,
Yotham Mazengo


Buigiri, Chamwino
16 Machi 2025

Yotham,

Marahaba. Mama ameitikia ya kwake mara mbili, ya pili amesema ni akiba.

Barua yako nimeisomea stoo ya mafagio kule Mtumba, mlango nimefunga, maana wakubwa wa ofisi wakiona mfagizi anasoma wanadhani amemaliza kazi. Nilipofika kwa padri mnene nikacheka peke yangu. Halafu nikarudia pale pa magodoro nikakaa chini.

Huku mvua imetudanganya. Ilianza vizuri, ikakatika mtama ukiwa kifuani. Mama goti linamsumbua lakini hataki liitwe ugonjwa. Zabibu tumevuna, si nyingi, ni tamu.

Castory hajambo. Jumapili iliyopita tumetoka kanisani, mchungaji bado yuko mlangoni anashika watu mikono, Castory akasimamisha baiskeli yake katikati ya njia akapaza sauti: "Wagogo! Watumwa wangu wawili nimewaazima Kongo na hawajarudishwa! Nani atanibebea mkaa? Au huko nako wamekaa barabarani wanaomba?" Mama akamjibu, "Nyamaza, mla mbwa wa Iringa, mbwa wa mchungaji yuko wapi toka jana?" Mchungaji mwenyewe alicheka. Kisha Castory akaja nyumbani akanywa chai, akakaza mnyororo wa baiskeli yangu, akatukana tena alipoondoka. Yule mtu sijui kama amewahi kutusalimia vizuri toka nizaliwe.

Nina neno moja tu kwako na kwa baba. Rudini. Gari ni la tajiri, na tajiri ana mengine. Mama ana mume mmoja. Mwambie baba aandike mwenyewe, hata mstari, na aniambie anarudi lini.

Dada yako,
Ruthu


Kongo
21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka

Dada Ruthu,

Shikamoo, na Pasaka njema iliyochelewa. Sisi tulisali chini ya turubai kambini na watu wa makabila kama saba. Kila mmoja aliimba kwa lugha yake na baba akaimba Kigogo kwa sauti ya juu kabisa. Watoto wakamzunguka wakidhani anagombana na mtu.

Sasa keti, maana nina makubwa. Mdogo wako amekuwa mwalimu. Ndiyo, mimi! Nafundisha utani.

Ilianza kwa Mushagalusa, fundi wa matairi anayelala jirani na gari letu. Jitu refu, la upole, mama yake tulimbeba sisi mwezi wa pili. Siku moja nimemkuta anahangaika na tairi, nikamwambia, "Wewe mtumwa wangu, babu yangu alikununua kwa debe la pumba, na leo najuta." Akaacha kazi. Akanitazama kwa huzuni. "Juu ya nini unanitukana, leki? Nilikukosea?" Dada, nilitaka nizame ardhini. Ikabidi nimweleze kama unavyomweleza mtoto: kwetu kuna watu wana ruhusa ya kukutukana mpaka kaburini, na usipowakasirikia ndiyo heshima. Nikamwambia habari za Castory. Nikamwambia alivyosema babu, kwamba zamani sisi na Wahehe tuliuana mpaka tukachoka, na tulipochoka tukaanza kutaniana, na toka hapo hakuna Mgogo anayezikwa bila Mhehe kuja kumcheka.

Mushagalusa akafikiri sana. Akasema, "Basi sisi huku hatujachoka."

Nikainama nikamsaidia kufungua tairi, mimi ambaye unajua huwa nina majibu.

Lakini kesho yake asubuhi alikuja mwenyewe, akasimama mbele ya gari, akasema kwa adabu kama anaomba kazi: "Leki, weye ni mugogo mwenye njaa." Tukamkumbatia. Ikaenea. Sasa mpaka jamaa wa kizuizi cha darajani wanautaka. Tukifika pale nawaambia, "Fungueni, watumwa wangu, tajiri wenu anapita," nao wanajibu, "Pita, ombaomba," na kamba inashushwa. Zamani tulisimamishwa pale nusu siku, watu wakiwa juani. Leo tunapita kama harusi. Nani mwingine kutoka Buigiri amewahi kufungua daraja la vita kwa mdomo?

Baba anakaa nyuma ya usukani anatazama mbele kama hanijui. Ila juzi nilimwona. Midomo ilicheza. Nakuapia, Zablon Mazengo alitaka kucheka.

Uliomba mstari. Huu hapa, usiseme nimeghushi:

Ruthu. Niko salama. Gari siwezi kuliacha, watu bado ni wengi. Mwambie mama yako nakula. Viatu vyangu vya kanisani mvipake dawa mwezi huu. Z. Mazengo.

Hata huku anapaka dawa vyake kila asubuhi, na tope linafika magotini.

Mwalimu wako,
Yotham


Buigiri
18 Mei 2025

Yotham,

Marahaba. Mstari wa baba mama ameuweka ndani ya kitabu cha tenzi. Hasomi, anafungua anatazama anafunga.

Mizabibu tumeipogoa mwisho wa mwezi wa nne kama alivyosema. Castory alishika mkasi. Mwambie baba hivyo hivyo, akasirike arudi. Sasa imechipua na imeanza kutoa maua, ni mizuri.

Nimecheka habari za darajani, halafu usiku sikucheka tena. Wewe unazoea mdomo wako kila mahali, Yotham. Castory anajua wapi pa kuacha kwa sababu baba yake alimfundisha na babu yake alimfundisha baba yake. Hao wa huko wamefundishwa na wewe, mwezi mmoja.

Redioni wanasema mipaka inafungwa. Mwambie baba hii ni amri yangu, na sijawahi kumwamuru: mliache gari hapo lilipo, mpande boti, mrudi. Na aandike mstari mwingine.

Ruthu


Kongo
30 Juni 2025

Dada mpendwa Ruthu,

Shikamoo sana. Shikamoo kwa mama mdogo, na kwa mchungaji, na hata kwa Castory. Mimi ni mzima wa afya, nimenenepa. Barua yako nimeipata, Wambura alikawia sana mpakani.

Ngoja nikusimulie chakula. Huku ugali ni wa muhogo, unavutika kama mpira, ukiumeza haraka unarudi kukuuliza ulikuwa unaenda wapi. Mboga yao kubwa ni majani ya muhogo, wanaita sombe, wanatwanga mpaka mikono inachoka kisha wanapika nusu siku. Nimewaambia habari za mlenda wetu, hawaamini kwamba watu wazima wanakula kitu kinachoteleza hivyo. Mama mmoja wa kambini amenifundisha kusalimia Kishi, lugha ya hapa, nimesahau nusu. Mwingine ananifundisha kusuka kapu. Mvua inanyesha hata kusipo na sababu. Ukipanda mwiko hapa unaota. Nimewaza mtama wetu nikawa na hasira na hii ardhi.

Pia nimeona maiti ya kiboko. Pia nimejifunza kuziba tairi kwa utomvu.

Mushagalusa anakusalimia, hujamwona lakini anakusalimia.

Gari siku hizi halitembei, kuna kitu kimeharibika. Tunatembea kwa miguu na watu. Mimi nabeba kizee kimoja mgongoni, chepesi kama kuku, kinaniimbia sikioni.

Baba yupo. Anawasalimia. Anasema muipogoe mizabibu sasa hivi msichelewe. Hakuandika kwa sababu kalamu ni moja na mimi ndiye ninayo.

Yotham


Buigiri
27 Julai 2025

Yotham mdogo wangu,

Marahaba.

Wambura alileta barua yako akasimama nje ya uzio. Nilimkaribisha chai akasema ana haraka. Wewe mwenyewe uliniambia Wambura na chai.

Nimeisoma barua mara nyingi. Umeandika kiboko, umeandika utomvu. Baba ana mistari mitatu. Na hiyo mitatu si yake. Mizabibu yetu mwezi wa sita ilikuwa na vishada vyenye zabibu za ukubwa wa punje za mtama. Baba angekata kidole chake kabla hajaagiza mkasi upite pale. Wewe hukuwahi kuijua ile mizabibu, kazi yako ilikuwa kula.

Sikumsomea mama mahali hapo. Nilimsomea ugali, nikamsomea kizee, akacheka kidogo, kisha akauliza, "Na baba yenu?" Nikasema anatusalimia. Akaniangalia. Hajauliza tena hadi leo. Anapika kidogo, anakula kidogo zaidi.

Ila hayo si makubwa. Kubwa ni hili. Jumanne Castory alikuja. Nilisikia baiskeli inalazwa taratibu, si ile ya kuitupa. Akapiga hodi. Castory, hodi! Akavua kofia mlangoni. Akasema, "Shikamoo mama. Habari za hapa? Mmeamkaje?" Kisha akakaa ukingoni mwa kiti, mikono katikati ya magoti, kama mgeni aliyetumwa na serikali ya mtaa. Mama akamwambia, "Castory, nitukane." Akainamisha kichwa. Mama akasema tena, "Wewe mla mbwa, nitukane kama kawaida." Castory akasema, "Siwezi, mama. Sijaambiwa nitukane kama nani." Hapo mama akaanza kulia, kilio cha kwanza toka mlipoondoka. Castory akaenda zake bila kugeuka.

Nimeelewa baadaye. Wambura alimwambia kitu, au Castory alimsoma tu usoni. Mtani hawezi kumtania mtu aliye hai kama marehemu, wala marehemu kama aliye hai. Kwa hiyo amekaa kimya. Na sisi tumekaa kimya. Kila Jumapili watu wanatoka kanisani wanatupita kwa upole, na huo upole wao unaniua.

Sikulaumu. Sikuulizi ilikuwaje. Nipe neno moja tu, ili nyumba hii ijue ni nyumba ya namna gani.

Ruthu


Kongo
14 Septemba 2025

Dada Ruthu,

Shikamoo. Shikamoo mama mdogo. Barua yako imekaa mfukoni muda mrefu. Niliisoma, nikaikunja, nikaifunua, nikaikunja.

Mwambie Castory aanze.

Nimeandika. Nilidhani kalamu itagoma.

Sasa nakueleza, maana Castory atauliza, mtani lazima ajue. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa tano, asubuhi, tumebeba watu wa kijiji cha juu, gari limejaa. Tulipokaribia darajani nikaanza kujiweka sawa niseme maneno yangu ya siku zote. Baba akainua mkono akanizuia. Akakohoa kile kikohozi. Akatoa kichwa dirishani, mzee mzima, mzee wa kanisa, akasema kwa sauti: "Fungueni, watumwa wangu! Tajiri wenu anapita!"

Dada, mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikapiga dashibodi. Miaka yote ile, na Castory na mimi na mama tukimchokoza, na siku moja tu amejibu! Akanigeukia, na alikuwa anatabasamu meno yote, kama mtoto aliyejibu swali darasani. Sikuwahi kuyaona meno yake ya pembeni.

Wale darajani hawakuwa wale. Walibadilishwa alfajiri. Hawa walikuwa wapya, wametoka mbali, na huku neno hilo ndilo wanalolipigania. Mmoja aliuliza, "Nani mtumwa?" Hakungoja jibu, akafyatua. Bado natabasamu na baba, dada. Bado nacheka. Ndivyo ilivyokuwa, sitaongeza.

Watu waliokuwa juu ya gari waliruka wakakimbia, na wengi walipona, hilo mwambie mama. Gari walilichoma. Mwili wa baba walituachia.

Sasa mazishi. Tulimchimbia pembeni ya kambi, udongo mweusi, haukututoa jasho. Watu walikuja wengi, wale aliowabeba, wakaimba lugha zao. Padri mnene alisoma. Ikafika wakati wa kumshusha, na nikaona hakuna kitu kibaya kuliko kile kimya. Wote wanalia kwa adabu. Hakuna wa kumcheka. Mgogo anazikwa kama jiwe. Nikamwambia Mushagalusa, "Ingia." Akarudi hatua moja nyuma. Nikamwambia, "Ingia kaburini, kaa kama mtani wa kwetu, usitoke mpaka ulipwe. Nilikufundisha."

Akaingia. Jitu lile refu, likakaa chini kaburini, magoti yakafika masikioni. Watu wakashtuka, wakadhani amerukwa na akili. Akasema, "Papa Zablo, weye mugogo. Weye mwenye njaa. Ulikuya huku kuomba, na hata kuomba haukujua, ulikuwa unatoa tu." Akanitazama juu, akasema, "Leki, siwezi. Huyu alibeba mama yangu." Nikamwambia, "Endelea. Usipoendelea hatalala." Akaendelea. Aliyakosea yote. Alimwita mla mbwa, tusi la Castory akampa baba! Nikacheka, peke yangu, watu mia wananitazama. Nikamlipa kopo la dawa ya viatu la baba, lilikuwa nusu. Akatoka kaburini analia, amelishika kwa mikono miwili.

Ila haikuwa sawasawa. Mushagalusa alijitahidi, lakini hakumjua. Kwa hiyo Castory afanye upya. Mwambie amwige baba, avae koti lake la kijivu na vile viatu vya kanisani, vipakwe dawa kwanza. Atembee kutoka mlangoni hadi kwenye mizabibu mikono nyuma. Asisahau kukohoa kabla ya kila neno. Achunguze mkasi na kulalamika kwamba umeguswa na Mhehe. Aulize chakula ni nini kabla ya kukila. Atukane, asiache kitu, aseme kwamba Zablon alifanya utani siku moja tu maishani na hata huo hakuuweza. Hilo aliseme kabisa. Mama akilia aendelee, akicheka aendelee.

Mimi sijui habari zangu. Wambura anasema hii ni safari yake ya mwisho, karatasi zimekwisha, kwa hiyo msingoje nyingine. Tunahama tena kesho, wanasema kuna kambi mbele, na mbele ya hiyo kuna nyingine. Kile kizee cha mgongoni kilikufa njiani. Sasa nabeba godoro. Ukiniona utaona miguu tu.

Nilikuwa najua majibu mengi, dada. Mushagalusa ananiuliza kila siku tutachoka lini. Namwambia mimi nimeshachoka. Anasema haitoshi, lazima wachoke na wale.

Nawasalimu Kigogo: mbukwenyi, watu wa nyumbani. Kama kuna siku nitatokea pale kwenye uzio, sijui mwaka gani, nikiwa mfano wa kitu gani, nawaomba kitu kimoja. Castory asivue kofia. Asipige hodi. Mwambie, tafadhali, asinisalimie kwa adabu.

Yotham